Chui kwa mtu anaetoka Mombasa: Tsavo East, West, Taita, Shimba ama upande ndege uende Mara?

Wageni wakianza kujaa na shule zikifungwa swali huwa ni lile lile, tuende Tsavo East ama West, na ukimhoji kidogo huyo anaeuliza utakuta shida yake hasa ni chui. Simba keshamuona, ndovu wekundu keshawapiga picha mpaka simu imejaa, nyati tayari, kwenye wale watano wakubwa waliobaki ni kifaru na chui, na kifaru angalau wajua pa kumuanzia, kuna sehemu wamezungushiwa ua kule Ngulia. Chui hana anwani.

Ntasema msimamo wangu mapema usije ukasoma mpaka chini ukiutafuta. Ukitaka chui nenda West, ulale ndani ya mbuga, si chini ya usiku mbili. Kama ni mara yako ya kwanza, una watoto na una siku moja tu, nenda East ufurahi, chui akitokea ni bahati yako. Taita ni ya mtu anaetaka kutoka usiku na gari. Mara ni ya mwenye pesa. Shimba Hills usiende kwa ajili ya chui, ingawa chui wako pale na wako karibu na sisi kuliko watu wanavodhani.

East, ile inayouzwa sana

Huku Pwani East ndio inayouzwa zaidi. Uliza bei Diani, uliza Nyali, uliza bichi boi yoyote, kitu cha kwanza utatajiwa ni Tsavo East siku moja ama kulala usiku mmoja, na sababu ni barabara tu, geti la Bachuma liko kama kilomita 100 kutoka mjini, ukitoka alfajiri asubuhi hio hio uko ndani. Mbuga yenyewe ni kubwa ajabu, kilomita za mraba 13,000 na zaidi, yaani kaunti nzima ya Kwale yaingia na nafasi yabaki, ila wageni wengi huzunguka upande wa kusini wa mto Galana na huko kaskazini hawafiki.

Uzuri wake ni kwamba ni peupe. Nyanda, udongo mwekundu, vichaka vya hapa na pale, macho yanaenda mbali. Ndovu utawaona, simba upande wa Aruba una nafasi nzuri, pundamilia, kuro, swala twiga anaesimama kwa miguu ya nyuma akila majani juu, vyote hivo East ni rahisi. Na huo upeupe ndio unaomfanya chui asiwe wa kule. Chui akiwinda anasogea polepole mpaka amfikie mnyama karibu kabisa ndio aruke, mbio za mbali si zake, kwa hivo anataka kichaka, mwamba, korongo, mti wenye tawi la kulala. East vitu hivo viko kwenye mistari tu: kando ya mto Voi, kando ya Galana penye mikoma, majabali ya Lugard Falls, na lile jabali refu la Mudanda. Dereva anaejua atakupitisha hizo sehemu taratibu. Asiejua atakimbia Aruba, atakuonyesha simba amelala, saa nane mko kwenye buffet.

Na tafadhali, nusu ya chui wanaoonekana Tsavo East kwenye simu za watu ni duma. Mtu anarudi ametuma picha kwenye grupu ya familia, chui chui, kila mtu mashallah, ukikuza picha wakuta mnyama mwembamba, miguu mirefu, amesimama peupe saa nne asubuhi na ana mistari miwili myeusi kutoka machoni kushuka mpaka mdomoni. Huyo ni duma, madoa yake ni vidoti vilivojaa. Madoa ya chui yamejipanga duara duara, katikati kuna rangi iliyoiva kidogo, shingo nene, kichwa kizito, na mara nyingi utamuona vipande vipande, mkia hapa, sikio pale. Si aibu kuona duma, duma ni adimu zaidi sehemu nyingi, ila usilipe pesa ya chui ukaletewa duma.

West, pale ambapo ningeweka pesa yangu

Tsavo West ni ndogo kuliko mwenzake, kama kilomita za mraba 9,000, zote mbili zilianzishwa pamoja mwaka 1948 na kinachozitenga ni hii barabara yetu ya Nairobi na reli. Lakini ukivuka barabara waona kama umebadilisha nchi. Vilima, mawe meusi ya volkano, Shetani na Chaimu, vichaka vizito, miti mikubwa kando ya mto Tsavo, halafu chemchemi za Mzima ambazo maji yake ndio hayo tunayokunywa Mombasa tangu kabla ya uhuru (siku yakiamua kufika). Kila kitu ambacho chui anakitaka kiko hapo. Digidigi kila kona, swala pala, kanga, pimbi kwenye mawe, nyani, chakula si shida.

Sasa mtu ataniuliza, kama ni vichaka vizito si ndio humuoni? Ni kweli kabisa na ndio maana madereva wengi hawapendi kuahidi West. Gari laweza kupita hatua chache na chui amelala chini ya mti wa mswaki anakuangalia tu. East ukikaa saa mbili waona wanyama mia, West ukikaa saa mbili waweza kuona digidigi wawili na kobe, wageni wananuna, dereva anaanza kuelezea historia ya volkano. Kwa hivo West inahitaji muda na subira. Ile ya siku moja kutoka Mombasa haifai, geti la Mtito Andei peke yake ni kama kilomita 240, ukifika jua liko juu na chui kashajilalia.

Ukilala ndani hesabu inabadilika. Saa kumi na mbili alfajiri barabara zinafunguliwa kwa gemu, yaani kuzunguka na gari kutafuta wanyama, na wewe uko tayari ndani, hujapanga foleni ya geti. Hio saa moja na nusu ya kwanza, na ile ya mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni, ndio saa zake. Ningezitumia hizo saa upande wa Ngulia na bonde la vifaru, pale mawe yanapotoka kwenye miti, na kando ya mto Tsavo. Mzima nenda mchana, kule unashuka kwa miguu na askari, viboko na samaki wa kutosha, ukimuona chui hapo shukuru ila usimtegemee.

Kuna kitu kuhusu loji za huko lazima nikitaje. Baadhi ya loji za mbuga zetu zinajulikana toka zamani kwa kutundika nyama kwenye mti jioni, taa inawashwa, wageni wako mezani, chui anakuja kula wanapiga picha wanarudi kwenye supu. Wapo wanaopenda, mzee ambae hawezi kutikiswa na gari kutwa nzima, sawa, simlaumu. Mimi hilo halinikati kiu. Umemuona mnyama kwenye taa, hukumtafuta, hujui ametoka wapi, na kumzoesha chui kwamba harufu ya binadamu inamaanisha nyama sioni kama ni wema tunamfanyia.

Taita, ile watu wanaisahau

Katikati ya pande za West, ukipita Voi ukashika barabara ya Taveta, kuna ardhi ambayo si mbuga ya serikali. Kuna Taita Hills Wildlife Sanctuary, ile yenye loji iliosimama kwa nguzo juu ya kidimbwi wanapokunywa wanyama, na jirani yake kuna LUMO, ambayo ni ya jamii, jina limetoka kwa ranchi tatu, Lualenyi, Mramba na Oza, wenyewe waliamua kuweka ardhi yao pamoja kwa ajili ya wanyama na mifugo.

Kwa mtu wa chui faida ya hapa ni moja kubwa. Kwenye mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ikifika jioni lazima urudi kambini, usiku hakuna gari kutembea, na chui ndio kwanza anaamka. Sehemu za binafsi na za jamii zina utaratibu wao, kuna wanaotoa gemu ya usiku kwa gari lao na taa lao, uliza kabla ya kulipa usije ukafika ukaambiwa siku hizo hakuna. Ukubwa ni mdogo sana ukilinganisha na Tsavo, kwa hivo madereva wa pale wanamjua chui wao, wanajua jike lina mtoto upande gani, wanajua mti gani ulitundikwa swala wiki iliopita.

Ubaya ni kwamba ikiwa hakuna, hakuna. West una sehemu kumi za kujaribu, Taita ukimaliza kuzunguka umemaliza. Ningeichanganya: usiku mmoja Taita, usiku mbili West, unaingilia geti la Maktau, hujarudi barabara kuu hata kidogo. Kwa maoni yangu hio ndio safari bora ya chui kwa mtu wa Mombasa na sijui kwa nini haiuzwi zaidi.

Mara, na zile za mbali

Mara ndio rahisi kumuona, tusidanganyane. Kando ya mto Talek na vijito vyake chui wamezoea magari toka wakiwa watoto, wengine wana majina na mashabiki wao duniani, na nyasi zikiwa fupi anaonekana vizuri. Kutoka Pwani kuna ndege ndogo zinazoruka Ukunda mpaka Mara, asubuhi uko baharini, mchana uko kwenye nyasi. Ila bei. Kwa mgeni wa nje kiingilio peke yake ni dola 100 kwa siku Januari mpaka Juni na dola 200 Julai mpaka Disemba, mbali na ndege, mbali na kempu. Mwananchi analipa pungufu ya hapo lakini ile ndege na kempu haikujui wewe ni mwananchi.

Na kuna fujo. Chui akionekana Mara redio kol inalia, dakika kumi magari yamejaa. Sheria yao yasema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, wengine wasubiri mbali, na kuna madereva waungwana wanaifuata, lakini msimu wa nyumbu mwezi wa nane wakati mwengine utaona mwenyewe. Chui jike alietaka kuwinda anakatizwa, mtoto wake anajificha, kila mtu ana picha na yeye hana chakula. Ukiwa Tsavo West ukampata chui, mara nyingi ni gari lako na lingine moja ama peke yenu kabisa. Kwangu hilo lina thamani kuliko picha kali.

Samburu kule mto Ewaso Nyiro ni pazuri mno kwa chui, Nakuru pia, mbuga ndogo yenye migunga ya manjano na ua kuizunguka pande zote, zote mbili ni safari za kwenda Nairobi kwanza ndio uanze upya. Kama tayari una shughuli bara, ongeza siku, usitoke Mombasa kwa ajili yake. Amboseli nenda kwa ndovu na mlima. Na wale wanaouliza chui mweusi wa Laikipia, yule aliepigwa picha zikazunguka dunia mwaka 2019, yupo na ni chui yule yule wa kawaida, rangi tu imezidi giza, jua likimpiga vizuri madoa yanaonekana. Huko bei ni nyengine kabisa, tuache.

Shimba Hills, jirani yetu

Shimba iko kilomita 30 na kitu tu, siku hizi na barabara ya Dongo Kundu hata feri hupandi, unatoka Miritini unapita madaraja unaibukia upande wa Kusini, Kwale hio hapo. Ni msitu na vilima, kuna palahala ambao Kenya nzima hupati mbuga nyengine, kuna maporomoko ya Sheldrick, hewa baridi. Chui wako humo, lakini msitu ukiwa vile, mchana, na gari moja, utaona palahala utaona ndovu kwa mbali utaona bahari kwa mbali, chui atakuona wewe. Nenda Shimba kwa picnic.

Naitaja kwa sababu ndio inaonyesha vizuri yanayomsibu chui. Kuzunguka Shimba kuna mashamba, minazi, mahindi, watu, mbuzi. Hakuna tena kule kuendelea na msitu mpaka msitu mwengine, ni kisiwa. Chui dume ana eneo lake na halishirikishi dume mwengine, kijana akikua lazima atoke akatafute pake, sasa akitoka Shimba anatokea wapi? Kwa jirani, kwenye zizi.

Nini kinawamaliza, na kwa nini kinahusu uchaguzi wako

Watu hudhani chui hana shida kwa sababu anaishi kila mahali, Afrika, Uarabuni, India mpaka baridi za Urusi. Ni kweli anavumilia, lakini IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walimpandisha kwenye kundi la walio hatarini mwaka 2016, na utafiti uliotoka mwaka huo huo ulionyesha chui amepoteza mpaka asilimia 75 ya maeneo aliyokuwa akiishi zamani duniani kote. Anapotea bila watu kugundua manake hata alipokuwepo hawakuwa wanamuona. Ndovu akifa kuna mzoga na harufu, chui akitoweka kilimani hata mzee wa kijiji aweza kukaa miaka akisema "wako tele".

Kwa Tsavo adui mkubwa ni waya. Mtego wa tanzi unatengenezwa na waya wowote, unafungwa kwenye njia ya wanyama, lengo ni digidigi ama swala kwa nyamapori ya kuuza, lakini waya hauchagui shingo. Chui akiingia ama anakufa hapo ama anakata waya na kutembea nao mpaka unamla nyama. Hata asipoingia yeye, chakula chake kinaisha. Kuna vikosi vya Sheldrick Wildlife Trust vinavotembea na KWS kung'oa hizo waya kila siku, kwa miguu, jua la Tsavo mnalijua. Ndio maana ukilipa kiingilio na kulala ndani, iwe East iwe West, si mazungumzo matupu kusema pesa inahusika. Askari mwenye gari lenye mafuta anapita njia ambayo bila yeye ina waya.

Kwa upande wa Taita na ranchi zile tatizo ni mifugo. Ukame wa 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini, na wafugaji nao ng'ombe waliisha, walio na waliobaki waliwasukuma popote penye jani, hata ndani ya mbuga. Chui anapomchukua ndama ama mbuzi usiku mmoja, mwenye mbuzi ameamka maskini, na wewe ukimuhubiria utalii hapo atakuangalia vibaya, ana haki. Wengine wanapaka sumu kwenye mzoga. Ile dawa ya wadudu ya Furadan ilitumika sana kuua simba nchini mpaka ikatolewa madukani mwaka 2009, ila sumu za shambani hazijaisha. Na sumu hio hailengi chui aliekula, inapiga fisi, tai, mbweha, yeyote atakaeonja.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 yasema mtu akiuawa na mnyama aliotajwa humo familia inalipwa hadi milioni 5, na mifugo nayo ina fidia, lakini malipo yanachukua muda mrefu mno, waulize watu wa Taita Taveta. Hapo ndio naona sehemu kama LUMO ina maana ya ziada. Kiingilio chako kinabaki kwa wenye ardhi, wale wale ambao chui akila mbuzi ni wao wanapoteza. Anaelipwa kwa chui kuwepo ana sababu ya kujenga boma zuri badala ya kununua sumu. Kwa mtu ambae hana haja ya kuamua kwa hesabu ya picha tu, mimi hicho kingenisukuma Taita hata kabla ya gemu ya usiku.

Ngozi nayo. Uwindaji wa kibali ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na biashara ya kimataifa ya ngozi ilibanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, toka 1975, kabla ya hapo makoti ya chui yalikuwa fasheni Ulaya na chui wa Afrika Mashariki waliisha kwa maelfu. Siku hizi bado watu wanakamatwa na ngozi.

Na sisi watu wa Pwani tuna kisa chetu, tena cha karibu. Unguja walikuwa na chui wao, wadogo kidogo kuliko wa bara. Watu waliamini kuna wachawi wanaowafuga na kuwatuma, chui akionekana anaulizwa ni wa nani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapigwa kampeni ya kuwamaliza, chui na mambo ya uchawi kwa pamoja. Leo wataalamu wengi wanahesabu wametoweka, ukitaka kumuona chui wa Unguja utamuona amejazwa pamba makumbusho. Huyo hakumalizwa na waya wala koti la Mzungu. Nikiskia mtu kwenye matatu ya Kwale akisema chui fulani "si wa bure" huwa nachoka.

Haya, umechagua, sasa mtafute

Msimu kwanza. Nenda wakati wa ukavu, Juni mpaka Oktoba ama Januari na Februari kaskazi ikivuma, majani yamepukutika na wanyama wanafuata maji. Mvua za vuli zikishapiga Tsavo West inakuwa kijani nzuri ya kupiga picha za harusi na chui umempoteza.

Ukiwa kwenye gari usimtafute chui, watafute wanaomuogopa. Swala pala wote wamesimama wanaangalia upande mmoja na wanakoroma, simama. Kanga wanapiga kelele na hawatulii, simama. Tumbili ndio bora kuliko wote, watafiti waliwarekodi tumbili wa Amboseli na mwaka 1980 wakachapisha kwamba wana mlio wao wa chui, mwengine wa tai, mwengine wa nyoka, ukipigwa wa chui wote wanakimbilia matawi, wa tai wanaangalia juu, wa nyoka wanasimama wanachungulia chini. Kwa hivo ukiona tumbili wako juu wanalia wakitazama kichaka, zima injini na umwambie mtoto afunge pakiti ya krisps. Usiku kambini ukiskia sauti ya msumeno ukikata mbao, mbele nyuma mbele nyuma, huyo ndie, muulize askari asubuhi ilitokea upande gani na mwanzie hapo.

Angalia matawi yaliolala, hasa yale manene, mkia unaning'inia kabla hujaona mwili. Angalia kama kuna miguu ya swala inaning'inia juu ya mti, chui hupandisha mzoga mzito kuliko yeye mwenyewe ili simba na fisi wasimnyang'anye, na akishapandisha atarudi, hata kama hayupo sasa hivi. Hapo ndio pa kukaa saa mbili na chai ya flaski. Dereva anaekubali kukaa ndio dereva, anaetaka kukimbia kila redio ikilia mtaona vumbi.

Kuhusu huyo dereva, mara nyingi mteja humpigia simu siku moja kabla:

"Kaka, chui tutamuona lakini?"

"Mama, mimi si mwenye chui. Ntawapeleka anapopita."

Jibu la namna hio lipokee kwa mikono miwili. Anaekuambia "asilimia mia" ama anakudanganya ama ana mpango wa kutoka barabarani na kukanyaga vichaka, kitu ambacho kwenye mbuga hakiruhusiwi na mkikamatwa ni yeye na nyinyi. Muulize mambo matatu manne kabla hujatuma deposit: tunalala ndani ya mbuga ama nje Voi, maana kuna vifurushi vya "Tsavo" ambavo hoteli yenyewe iko nje ya geti na asubuhi yako nzuri inaishia foleni. Tunatoka saa ngapi, akisema baada ya brekfasti achana nae. Gari ni van ama Landkruza, kwa East van yatosha, kwa West yenye mawe yake Landkruza ina raha na waona juu ya vichaka. Na kama mko wachache bajeti ndogo, treni ile ya asubuhi inayosimama kila kituo inawashusha Voi ama Mtito Andei, gari la kempu likaja kuwachukua, inatoka nafuu kuliko gari zima kutoka Mombasa. Darubini muwe nayo hata moja ya kukopa, na kiingilio cha KWS kinalipwa eCitizen, getini kesh hawashiki, kwa hivo lipeni usiku uliotangulia mkiwa bado na netiweki ya nyumbani.